Babu Amepauka: Kasoro za Kunakili "Somo la Banjo" kwa Rangi za Mafuta, na Mahali pa Kutafuta Chanzo

Anayetaka kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili huwa namtuma kwenye picha moja: The Banjo Lesson, yaani Somo la Banjo, aliyoichora Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mmarekani mweusi, mwaka 1893. Babu amekaa katika chumba cha watu wasio na kitu, mjukuu amesimama katikati ya magoti yake, na banjo imewakutanisha mikono. Nyuma yao kuna meza yenye kitambaa cheupe, na sakafuni kuna vyombo vya kupikia. Mianga ni miwili. Mmoja wa nje, wa baridi, unaingia kutoka kushoto. Wa pili ni wa moto ambao wenyewe hatuuoni, nao unatoka kulia. Hawa wawili wamewekwa pale pale mianga inapokutana, na hapo ndipo mwanafunzi anapokwama.

Nimeinakili mara tatu. Ya kwanza ilikuwa juu ya plaiwudi, na leo ni mlango wa banda la kuku. Katika zote tatu, na katika za wanaojifunza kwangu, kasoro ilionekana mahali pamoja na chanzo chake kilikuwa kimelala pengine, mara nyingi hatua mbili nyuma. Kwa hiyo usishangae ukija na lalamiko la shavu nikakutuma ukutani.

Rangi inang'aa kama mlango

Mwambie muuza hadiwea unataka rangi ya mafuta, atakupa kopo la kupaka milango na madirisha. Hajakosea, jina ni hilo hilo. Ile ni enameli. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo mzima Dar es Salaam kwa enameli juu ya hadibodi, na waliomfuata wanaitumia mpaka leo kwa sababu inawafaa: rangi bapa, ukingo mkali, mng'ao. Shavu la babu linataka kitu kingine. Linataka rangi inayobaki laini siku mbili tatu ili uendelee kuisogeza. Ukiona viboko vya brashi vinajisawazisha vyenyewe, na ukirudi baada ya saa chache kulainisha mpaka unakuta ngozi ya juu inachanika, huna haja ya kusoma zaidi: umenunua kopo. Tafuta rangi za wachoraji za tyubu, zilizosagwa kwa mafuta ya kitani.

Zinatosha sita: nyeupe ya titaniamu, oka ya njano, amba iliyochomwa (kahawia), bluu ya ultramarini, nyekundu moja ya kadimiamu au inayoiga kadimiamu, na alizarini (nyekundu iliyokolea). Nyeusi iache dukani kwa sasa.

Miguu haikuenea

Mtu amechora vichwa vizuri, akashuka, akafika magotini na kanvasi imekwisha. Au ameona hatari mapema, akabana miguu ya babu mpaka imekuwa ya mtoto.

Tazama vipimo vya kanvasi kabla ya kulaumu jicho lako. Picha ya Tanner ina urefu wa sentimeta 124.5 na upana wa 90.2. Kanvasi za dukani za 60 kwa 45 hazina uwiano huo: ukichukua urefu wa 60, upana unaotakiwa ni 43.5 hivi. Ya 50 kwa 40 ni mbaya zaidi, kwa sababu inataka upana wa 36 tu na wewe una sentimeta nne za ziada ambazo utazijaza kwa kunenepesha watu. Weka utepe wa karatasi pembeni, uzibe upana uliozidi, kisha ugawe kilichobaki mara nane kwenda chini na mara nane kwenda kando. Gawanya picha ya mfano vivyo hivyo. Miraba haitakuwa miraba kamili, na haidhuru.

Mistari ya gridi ichore kwa mkaa mwembamba au kwa brashi yenye amba iliyolainishwa. Kalamu ya wino ina tabia ya kupenya rangi na kutokeza juu baada ya miezi.

Mtoto anaelea

Kila kiungo kipo mahali pake katika gridi, na bado mtoto anaonekana kama aliyetundikwa. Hapa vyanzo ni viwili, na cha kwanza ni rahisi kukipima. Nyoosha mpini wa brashi kutoka utosi wa babu hadi utosi wa mtoto kwenye picha ya mfano, shika pembe hiyo, ihamishie kwenye kanvasi. Fanya hivyo hivyo kwa shingo ya banjo, inayokatiza picha kwa mshazari. Vichwa vyote viwili vimeinamia chombo kimoja. Ukikosa mwinamo wa kimoja kwa kiasi cha unene wa kidole, yale mazungumzo yao yanavunjika, na kila mmoja anakuwa na hamsini zake. Geuza vyote juu chini, mfano na nakala, uangalie tena. Kosa ulilokuwa umelizoea litajitokeza.

Chanzo cha pili ni sakafu. Wanafunzi huiacha mwisho, kwa kuwa haina sura. Lakini mtoto husimama juu ya kivuli chake. Kama sakafu bado ni nyeupe ya kanvasi, hata miguu iliyopimwa kwa rula itaelea. Paka sakafu na vivuli vyake siku ile ile unayopaka magoti.

Babu amepauka

Hili ndilo lalamiko kubwa, na neno wanalolitumia wenyewe ndilo hasa: amepauka, kama mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Tatizo ni kwamba picha hupauka kwa namna mbili, na dawa ya moja haigusi nyingine. Pima kwanza. Subiri rangi ikauke mpaka isishike kidole. Chovya kitambaa safi katika tone moja la mafuta ya kitani, ukipitishe kwa wepesi juu ya shavu. Rangi ikirudi ghafla, yenye kina kama ilivyokuwa mbichi, mchanganyiko wako ulikuwa sawa na mafuta ndiyo yamenyonywa. Nenda chini kwenye sehemu ya "Giza limekauka vibaya". Ikibaki kijivu ile ile, sasa kijivu kinachong'aa, kosa liko kwenye paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi.

Kwenye paleti mtuhumiwa wa kwanza ni nyeupe. Mtu ameona paji la babu limepata mwanga, akachukua kahawia yake, akaongeza nyeupe, ikawa chai ya maziwa. Titaniamu inaongeza mwanga, lakini papo hapo inapoza rangi na kuifanya chaki. Ngozi nyeusi ikipigwa na mwanga hubeba rangi ya mwanga wenyewe. Mtazame mtu aliyekaa karibu na jiko la mkaa usiku, umeme umekatika: upande wa moto una wekundu na uchungwa, na palipong'aa zaidi ni rangi ya asali. Mtazame huyo huyo alfajiri akiwa mlangoni: paji lina mng'ao wa kijivu kilichokaribia buluu. Tanner ameweka saa hizo mbili katika picha moja. Kama umechanganya "rangi ya ngozi" moja na kuipaka pande zote, ukaipandisha kwa nyeupe na kuishusha kwa nyeusi, babu hana budi kupauka.

Fanya hivi. Changanya rangi ya katikati: amba iliyochomwa kwa wingi, ultramarini kidogo, nyekundu chembe. Ipake uso wote, pasipo mwanga wala kivuli, kama mtu anayesiliba ukuta. Kisha upande wa moto panda kwa oka ya njano na nyekundu, na nyeupe iingie mwisho kabisa, ya kuonjea tu. Upande wa dirisha panda kwa kijivu ulichotengeneza kwa ultramarini, amba na nyeupe. Huko nyeupe inayo kazi. Vivuli vishushe kwa ultramarini na amba, na alizarini kidogo pale ambapo damu iko karibu, kama masikioni na kwenye vidole.

Na nyeusi? Nyeusi ya tyubu ikikutana na oka ya njano inatoa kijani cha zeituni. Ndiyo maana nakala nyingine zina mtoto anayeonekana kuumwa homa ya manjano. Wachoraji wazoefu wanajua kuitumia, lakini anayeanza anaitumia kama kifutio.

Sasa, yupo mtu ambaye mchanganyiko wake ni mzuri, ameupima, na babu bado amepauka. Huyu namtoa usoni na kumpeleka ukutani. Alianza na uso juu ya kanvasi nyeupe tupu, kwa hamu, kama sote. Pembeni ya weupe ule kila kahawia ilionekana nyeusi mno, akawa anaipandisha. Wiki iliyofuata akapaka ukuta wenye giza nyuma ya kichwa, na uso ule ule ukawaka kama unga. Shavu halikubadilika hata kidogo; jirani yake ndiye aliyebadilika.

Dawa yake ni kuondoa nyeupe siku ya kwanza. Chukua amba, ilainishe kwa tapentaini, paka kanvasi yote, ifute kwa kitambaa ibaki rangi ya karatasi ya kaki. Ikikauka, weka vipande vikubwa vya giza na mwanga vyote, ukuta, sakafu, meza, nguo, vichwa, kabla hujagusa jicho la mtu yeyote. Tanner mwenyewe alisoma Philadelphia, katika shule ya sanaa ya Pennsylvania Academy, chini ya Thomas Eakins, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi waanze na brashi na uzito wa umbo badala ya kushinda na mistari. Ukifinya macho picha yake inabaki mabaka machache tu. Itazame yako vivyo hivyo, uhesabu mabaka.

Chanzo kingine kinachosahaulika ni chumba chako. Wengi wetu tunachora usiku baada ya kazi, chini ya balbu ya njano. Balbu hiyo inakupa joto ambalo hukulipaka, na asubuhi unakuta babu amepoa. Kama huna budi kuchora usiku, tumia taa nyeupe, na iangaze paleti na kanvasi kwa usawa. Simu unayonakilia nayo izimie ile hali ya usiku inayopaka kioo manjano, na uchague nakala moja ya picha, usibadilishe katikati. Ukiitafuta kwenye mtandao utaona Somo la Banjo za rangi mbalimbali, nyingine za kahawia kama chai, nyingine za buluu. Ukichukua uso kutoka moja na ukuta kutoka nyingine umejitafutia mwanga wa tatu.

Kila kitu kimekuwa tope

Hesabu tyubu zilizoingia katika mchanganyiko mmoja. Zikizidi tatu, na nyeupe, umepata jibu. Kama ni tatu, kinuse kikopo chako cha kusafishia brashi na uangalie rangi yake. Kioevu cha tope kinatoa picha ya tope. Tenga brashi za upande wa moto na za upande wa baridi. Hili la brashi mbili mbili lilinichukua miaka kulikubali, kwa ubahili tu.

Kuna tope la kujitakia pia: kupitisha brashi mahali pamoja mara kumi rangi ikiwa mbichi. Weka, acha. Kama umekosea, kwangua kwa kisu cha paleti na uweke upya.

Haikauki

Siku kumi zimepita na bado inashika kidole. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kambani, maana ndani yake hamna maji ya kutoka. Mafuta yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Kwa hiyo kuifungia kabatini ili isipate vumbi ni kuinyima inachokula, na giza la kabati linayafanya mafuta ya kitani yawe ya manjano. Itundike palipo na hewa na mwanga wa mchana, jua kali lisiifikie.

Kisha uliza uliipaka nini. Amba hukauka upesi, siku moja au mbili ikiwa nyembamba, kwa sababu ndani yake kuna manganizi inayoharakisha. Alizarini na nyeupe ya titaniamu hutaka wiki au zaidi. Kama kinachonata ni kitambaa cha meza na ukuta umekauka, vumilia.

Kama kinachonata ni picha yote, hapo namuuliza mtu swali la aibu: ulilainishia nini? Mmoja alinijibu mafuta ya nazi, kwa kuwa ni ya asili. Mafuta ya nazi hayakauki, si wiki ijayo wala mwakani. Ya alizeti ya jikoni yanaganda nusu nusu na kubaki yananata. Mafuta ya taa nayo, ambayo wengi huyachukulia kuwa ndugu wa tapentaini, huondoka taratibu na kuacha utelezi kati ya tabaka. Katika hayo yote hakuna dawa ya kupaka juu. Kwangua mpaka chini, futa kwa tapentaini, anza upya. Najua inauma.

Madirisha yawe wazi unapotumia tapentaini, hasa kama watoto wanalala chumba hicho hicho. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye ndoo: vikikauka hujitia joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja au viloweke majini.

Giza limekauka vibaya

Hii ndiyo namna ya pili ya kupauka. Koti la babu na pembe za chumba zilikuwa na kina zilipokuwa mbichi. Sasa zina mabaka bapa, mengine yanang'aa, mengine kama vumbi. Kanvasi imeyanywa mafuta. Wanaowamba merikani wenyewe hukutana nalo sana, hasa wanaoipaka rangi ya maji ya ukutani badala ya geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi. Rangi ya ukutani ina chokaa nyingi na kiu isiyoisha. Tabaka tatu za geso, msasa laini kati yake, na kiu inapungua. Kupaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya merikani tupu hakufai kabisa, maana mafuta huozesha nyuzi.

Kama picha imeshafika huko, mpake babu mafuta. Sisemi kwa mzaha: tone la mafuta ya kitani, kitambaa, sugua kwa wepesi sehemu iliyopauka, kisha futa mpaka ubaki unyevu tu. Fanya hivyo kabla ya kuendelea kupaka, vinginevyo utachanganya rangi mpya ili ifanane na giza la uongo, na siku ukiweka vanishi tofauti itakurukia machoni.

Rangi inakimbia, rangi inapasuka

Ikijikusanya vitone kama maji juu ya jani la yugwa, tabaka la chini lina mafuta mengi au lina uso wa kioo. Likiwa limekauka, lipitishie msasa laini kidogo na ufute. Nyufa husababishwa na kosa lile lile kwa upande wa pili: umepaka rangi konda, yenye tapentaini nyingi, juu ya rangi nono ambayo bado inajikunja kwa ndani. Tabaka za chini ziwe konda, za juu ziongezewe mafuta kidogo kidogo. Na akriliki usiiweke kamwe juu ya mafuta, itabanduka. Kinyume chake hakuna tatizo.

Watu wamebandikwa

Rangi ni nzuri, vipimo ni vizuri, na bado babu na mtoto wanaonekana kama waliokatwa kwa mkasi na kugundishwa ukutani. Angalia kingo. Mwanafunzi mwenye bidii huchora mzingo mmoja mkali kuwazunguka wote. Tanner alivikamilisha vichwa kuliko kitu kingine chochote, na chumba kinachowazunguka akakipaka kwa mkono mlegevu. Tafuta mahali ambapo giza la nguo linakutana na giza la nyuma, upitishe brashi kavu hapo mpaka usijue nguo inaishia wapi. Bakiza ukingo mkali kwenye nyuso na mikono, na kwenye duara la banjo.

Banjo yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi, na wakati ule ilikuwa imegeuzwa chombo cha kuwachekesha wazungu majukwaani. Tanner, ambaye mama yake alizaliwa utumwani, aliiweka mikononi mwa mtoto anayefundishwa kwa subira. Nalitaja kwa sababu ya kiufundi: nakala zinazoharibika vibaya zaidi ni zile ambazo mchoraji ameongeza tabasamu. Ukikuta nyuso zako zinacheka na hujui kwa nini, punguza mwanga kwenye pembe za midomo.

Vanishi isubiri miezi sita, au mwaka kama ulipaka nene. Tanner alifariki 1937, hivyo unaweza kuinakili bila kuomba ruhusa ya mtu. Nyuma ya kanvasi andika kwa penseli kwamba ni nakala ya Somo la Banjo, uweke jina lako na mwaka, ili atakayeishusha ukutani kesho asije akadanganya wala kudanganywa.